Vyumba Kumi na Viwili vya Nyamizi

Kumbukumbu za maisha huandikwa na wastaafu, watu wenye miwani ya kusomea na dawa za presha mezani. Mimi nina miaka kumi na nane, niko kidato cha tano, na kitu pekee nilichostaafu maishani ni kula maharage ya shule bila kuyakagua kwanza. Lakini Desemba hii nilirudi likizo nikakuta kwa shangazi, kijijini Sapiwi, wamepanga kujengea kaburi la binti yake Nyamizi, na siku hiyo nikagundua kwamba mtu anaweza kuwa mzee wa jambo moja tu, hata kama kwa mengine yote bado ni mtoto. Fundi alikuwa anachanganya saruji na mchanga, kina mama wanamenya viazi, na kila mtu ananiangalia mimi. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Mtani wako akifa, wewe uliyebaki una kazi: unakalia mfuko wa saruji na kukataa kuondoka, unamsema marehemu kwamba alikuwa mlafi na mvivu wa kuoga, unaficha koleo la fundi, mpaka watu wacheke na vifua vyao viachie kidogo. "Minza," shangazi akaniita, "kaburi litajengwaje mtani amenyamaza? Sema hata kamoja, mayu, mama yangu." Nikakaa juu ya mfuko wa saruji kama inavyotakiwa. Nikafungua mdomo, mdomo huu ambao umenitoa nje ya darasa mara nyingi kuliko kengele, na hakikutoka kitu.

Siku ya mazishi yenyewe, miaka miwili iliyopita, nilishindwa vilevile. Kwa hiyo naandika. Mambo ya ukoo nayaruka, nani alimzaa nani na alihamia lini. Hayo hayajawahi kumsaidia mtu isipokuwa wakati wa kugombania shamba. Inatosha ujue kwamba mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, Nyamizi alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha utabibu, na tulipanga chumba kimoja Bariadi mjini. Kitanda kimoja, pazia lenye picha za tausi waliofifia mpaka wakawa kuku, jiko la mkaa mlangoni, na chini ya kitanda gunia la michembe kutoka kwa shangazi. Viazi vile vilivyokatwa na kukaushwa tulivichemsha tukala na chai, tukala na karanga, tukala kwa hasira. Ukutani, juu ya upande wangu wa kitanda, Nyamizi alikuwa amebandika mchoro wake wa ubongo ulioonekana kutokea chini. Ulikuwa kama kobe aliyepinduliwa, na kila upande umetoa vijiguu kumi na viwili. "Hiyo ndiyo mishipa ya fahamu ya kichwani," aliniambia siku ya kwanza. "Jozi kumi na mbili. Kila mmoja una namba yake na kazi yake." Nikamwambia mimi nalala chini ya hicho kitu na nikiota kinanifukuza, chuo chake kinilipe fidia.

Tatizo lake lilikuwa mpangilio. Namba alizijua, kazi alizijua, lakini akiulizwa haraka zinagongana. Alitembea chumbani, hatua tatu kwenda na tatu kurudi, ananung'unika majina ya Kilatini kama mtu anayeombea chakula asichokiamini. Siku moja nikamkatiza. Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na milango kumi na miwili, sita ikitazamana na sita, uwanja na kamba za nguo katikati. "Daktari wa mbuzi," nikamwambia, "achana na hao Walatini. Soma wapangaji." Tukasimama mlangoni tukaanza. Chumba cha kwanza aliishi Mama Zuhura, aliyeuza viungo na kahawa sokoni, na ukipita mlangoni kwake nguo zako zilinukia iliki mpaka kesho. Basi mshipa wa kwanza ni wa harufu. Cha pili, mzee aliyekaa kwenye kiti chake siku nzima na kumwona kila anayeingia na alichobeba. Mshipa wa pili, kuona. Cha tatu, cha nne na cha sita walikaa vijana wa bodaboda, nayo mishipa hiyo mitatu ndiyo madereva wa jicho. Wa tatu anafanya karibu kila kitu na hata kope anainua yeye. Wa nne anashusha jicho. Wa sita, ambaye kwetu alikuwa kijana anaitwa Dotto, ana kazi moja tu, kulipeleka jicho nje, upande wa sikio. "Dotto huyo huyo," Nyamizi alisema, akacheka mpaka akashika mlango. "Kazi yake ni kwenda nje tu!" Mwalimu wa chumba cha tano mwenye watoto watatu akawa ule mshipa wenye matawi matatu, paji, shavu na taya, unaohisi uso na kutafuna. Dada wa saluni aliyechekea kila kitu akawa wa saba, uso wenyewe. Fundi redio wa nane, kusikia, tena vizuri zaidi kwa sababu wa nane ni pia kusimama bila kuyumba, na fundi yule akishalipwa kusimama hakuwezi. Muuza supu wa tisa, aliyeonja kila sufuria, akawa ladha ya nyuma ya ulimi na koo. Mbeba marobota ya pamba akawa wa kumi na moja, mabega. Na mdomo wa chumba cha kumi na mbili, hata mtoto mchanga angejua ni ulimi. Sisi tulikuwa chumba cha kumi. "Wa kumi unashuka mbali kuliko wote," Nyamizi aliniambia. "Sauti, kumeza, moyo, mpaka tumboni. Ndio sisi. Moyo na njaa."

Baada ya hapo nikawa mgonjwa wake wa mazoezi, kila siku baada ya chakula. Alinifumba macho, akaziba tundu moja la pua, akaleta kopo mbele ya jingine.

"Nini hiki?"

Ilikuwa kahawa ya Mama Zuhura, ningeijua hata nikiwa nimekufa. "Sabuni," nikasema.

Akaleta kipande cha sabuni ya kufulia. "Na hiki?"

"Kahawa. Tena imeungua kidogo."

"Minza!"

"Pua yangu inasoma masomo ya sanaa, dada."

Akinigusa paji kwa kipamba, pamba yenyewe ya shambani kwao, nilipiga kelele kana kwamba ni kisu. Akininong'oneza namba sikioni nilijibu namba ya chumba cha fundi redio. Akisema toa ulimi, niliutoa na kuuacha nje mpaka chai ikapoa. Aliniambia ataniandikia rufaa niende nikachunge ng'ombe. Mimi nilijiona msanii. Mwezi wa tatu nilimpigia shangazi simu nikamwambia, kwa sauti ya msiba, kwamba Nyamizi ametoroka na dereva wa fuso na ameacha vitabu vyote. Shangazi alifika asubuhi kwa bodaboda, kanga imefungwa kiunoni, anamtaja huyo dereva na baba yake na gari lake, akamkuta Nyamizi anafua shuka. Alinikimbiza kuzunguka kamba za nguo, kisha akakaa chini akacheka mpaka akalia, na Sapiwi nzima wakasimuliwa. Kila nikienda kule watu walinisalimia kwa kuniuliza fuso limefika wapi. Sikujua kwamba siku ile nilikuwa nimemaliza kuaminiwa kwangu kote, mpaka tone la mwisho.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, mvua inapiga bati mpaka tunapaza sauti. Nikamwambia leo tubadilishane, mimi daktari. Nikavaa koti lake jeupe, mikono imenipita, nikatengeneza sauti ya mganga mkuu. "Mgonjwa, tazama kidole changu. Usigeuze kichwa." Nikakipeleka kulia, macho yake mawili yakakifuata vizuri. Nikakipeleka kushoto. Jicho la kulia likaja. La kushoto likafika katikati na kusimama pale, kama ng'ombe aliyefika mlango wa zizi akagoma.

"Acha utani," nikamwambia. "Utani ni idara yangu."

"Sijatania. Rudia."

Nikarudia. Jicho likagoma tena.

"Umenyoosha vidole vingapi?" akaniuliza.

"Kimoja."

Akachukua kioo kidogo cha kusukia, akakaa kitandani akijitazama, akigeuza macho kushoto, anarudi, anageuza tena. Mvua haikunyamaza. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha, "Chumba cha sita."

Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka. Wiki kadhaa alikuwa anasoma akiwa amefumba jicho moja. Mimi nilimwita mwindaji. Nilikuwa nimewafundisha na wenzangu shuleni, tukimwona anakuja kuniletea kitabu nilichosahau tunafumba jicho moja wote na kumlenga kwa rula. Naye alinyanyua mikono juu, ameshikwa, na tukacheka. Asubuhi aliamka ameshika kichwa, na mara mbili alitapika kabla hata ya chai, na mimi, ninayejua kila kitu, nilimwambia dereva wa fuso amefanya kazi yake.

Nikavua koti. Nikasema twende tukamwambie shangazi, twende hospitali, si yeye mwenyewe anawajua madaktari wote. Akaniambia kaa. "Mtihani ni mwezi wa nane," alisema. "Nikisema leo wataniondoa chuo, nianze mwaka upya, kama upo." Nikamuuliza, kama ni kitu kibaya je? Akatazama kobe wake ukutani. "Kama ni kibaya nakijua kwa jina. Sitaki kusikia mtu mwingine akilitaja kabla sijavaa koti langu mwenyewe." Nimesikia watu wakisema baadaye kwamba alikuwa jasiri. Mimi nilikuwepo, na ule haukuwa ujasiri. Yule aliyejua majina ya magonjwa yote ndiye aliyeogopa kuliko sisi tusiojua hata moja. Kisha akanishika sikio, kama kawaida yake, akatabasamu. "Nimekuonyesha wewe, Minza, kwa sababu hata ukisema, nani atakuamini?"

Nilicheka. Naomba liandikwe hivyo hivyo, kwamba nilicheka.

Kuanzia hapo tulikuwa na lugha yetu. Asubuhi namuuliza, "Wapangaji wameamkaje?" naye anajibu, "Wote wazima, wa sita tu hajafungua." Siku moja Dotto wa chumba cha sita chenyewe alikuwa anapita na ndoo. "Nani hajafungua?" akapaza sauti. "Mimi nimefungua tangu saa kumi na moja, nimeshapeleka abiria Maswa na kurudi, nyie bado mnanyoosha miguu!" Nyamizi alicheka kweli kweli, akamwambia samahani kaka, tunaongelea mpangaji mwingine. Tukaingia ndani tukafunga mlango. Alijifunza kugeuza kichwa badala ya macho. Alimimina chai akiwa amefumba jicho, la sivyo aliimimina pembeni ya kikombe, kwenye kikombe cha pili ambacho hakikuwepo. Mimi nikawa nashika kikombe. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miezi miwili: nilishika kikombe na kufunga mdomo, mimi wa kufunga mdomo.

Mwezi wa sita tulikwenda Sapiwi kwa ajili ya pamba. Kwa shangazi hakuna mgeni msimu wa kuchambua. Ukifika unapewa maji, unaulizwa habari, halafu unasukumiwa lundo lako barazani. Pamba safi huku, fifi huku, ile yenye madoa na majani. Tulikaa watu saba, shangazi, majirani, na mimi na Nyamizi, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, mazungumzo yanakwenda ya nani kaoa na nani karudishwa. Mimi nilikuwa sichambui pamba, namchambua Nyamizi. Mkono wake ulikuwa unanyoosha kuchukua kipande, unashika mkeka, kidogo pembeni. Unarudi. Na lundo lake, safi na fifi zilikuwa zimechanganyika kama wali na maharage. Jirani mmoja akaliona. "Tabibu wetu amechoka kusoma, hata doa halioni tena!" Wakacheka. Na mimi kikanitoka.

"Haoni kwa sababu anaumwa," nikasema. "Ana kitu kichwani. Jicho lake la kushoto halitembei. Anaona vitu viwili viwili. Shangazi, mpelekeni hospitali."

Shangazi, bila kuacha kuchambua, akasema, "Na dereva wa fuso yeye anaonekana wangapi?"

Baraza lote likalipuka. Jirani alijipiga paja, mwingine akamwaga maziwa. "Huyu mtoto!" wanasema. "Huyu mtani ni wa kupimwa yeye!" Nikasema sitanii, wakacheka zaidi, kwa sababu hilo ndilo neno analosema mtani siku zote. Nikamgeukia Nyamizi. Alikuwa ananiangalia na uso wake umekuwa mweupe midomoni. Angesema neno moja tu. Badala yake akainua kichwa, akayaleta macho yote mawili puani, makengeza kamili ya kuchekesha watoto, akasema kwa sauti nene, "Shangazi, mpelekeni hospitaliiii." Alikuwa ananiigiza mimi. Na yeye alikuwa mtani wangu, alikuwa na haki. Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia baraza. Chini ya kicheko hicho alinyoosha mkono, safari hii ukafika, akanibana kidole gumba kwa nguvu mpaka kikauma. Nikainama nikaendelea kutenga safi na fifi. Sikulirudia tena. Huwa najiuliza kwa nini sikulirudia, na jibu ninalopata ni la aibu: nilikuwa nimechekwa vibaya, na mimi nimezoea kuchekwa vizuri.

Mtihani akaufanya mwezi wa nane. Aliniletea habari mbio, kutoka kituo cha bajaji mpaka uwanjani, vitabu kwapani. Mgonjwa aliyewekewa alikuwa mzee wa Shishiyu, na Nyamizi alipofika kwenye mishipa ya kichwani alipita mlango kwa mlango, hodi Mama Zuhura, hodi mzee wa kiti, mpaka kumi na mbili, hakuruka hata mmoja. Msimamizi alimuuliza kwa nini anageuza kichwa sana, akajibu shingo inamuuma. Tulikwenda kwa mama ntilie tukala wali, maharage na kipande cha samaki kila mtu, na alipokuwa anacheka akinisimulia niliona mchuzi unamtoka pembe ya kushoto ya mdomo na hajui. Kicheko kilikuwa upande mmoja. Nikachukua leso nikampangusa, na yeye akaacha kucheka, akajishika shavu. "Dada wa saluni amehama?" akauliza. Nikamwambia hajahama, amekwenda sokoni tu.

Alikuwa amehama. Mwezi wa tisa tulikuwa Sapiwi tena, jioni, jua bado lipo, tunakula ugali na mlenda. Nyamizi akanywa maji, na maji yakamtoka puani. Akajaribu tena, yakatoka tena. Shangazi akaweka tonge chini. Akamshika binti yake kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akauona uso wote kwa mara ya kwanza, upande uliolala na jicho lililogoma. Hakupiga kelele. Aligeuka kwangu.

"Ulijua?"

"Nilisema, shangazi. Siku ya pamba."

"Ulisema," akarudia. "Mbona hukulia? Ungelia, mayu. Ungelia ningekuamini."

Hilo ndilo neno la mwaka ule. Wengine wana wosia, mimi nina hilo. Nimelibeba shuleni, bwenini, kwenye mistari ya chakula, na nimejaribu kulifanyia mzaha kwa njia zote ninazozijua, halikubali.

Mwanza walimpiga picha ya kichwa. Daktari, mama mmoja mtulivu aliyemwita Nyamizi "mwenzangu", alituonyesha uvimbe chini ya ubongo, mahali mishipa inapotokea, pale pale kwenye miguu ya kobe. Alisema ni mahali ambapo kisu hakiingii. Nikamuuliza mbele ya watu wote, kama tungekuja mwezi wa sita? Akasema pengine isingebadilika sana. Alisema "pengine" na alisema "sana", na mimi nasoma lugha, najua maneno hayo mawili huwekwa kwa ajili ya nini. Nyamizi yeye alitazama ile picha kama anavyotazama mwanafunzi jibu ambalo alilipata.

Tukarudi naye Sapiwi. Watu walikuja kuona. Kuna waliosema upepo, kuna waliosema amefanyiwa na mtu aliyeonea wivu koti, na shangazi aliwakaribisha wote uji na hakubishana na hata mmoja. Mwisho wa wiki nilitoka Bariadi kwenda kukaa naye chumbani kwake, chumba cha dirisha moja, nje majembe yanaanza kugonga ardhi kwa sababu mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia. Vyumba vilifungwa kimoja kimoja. Fundi redio akazima; ilibidi nikae upande wa kulia ndipo anisikie. Sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye kiazi mdomoni, halafu ikaisha, na tukaanza kuandikiana kwenye daftari. Matokeo yalitoka. Amefaulu. Shangazi alilifua koti jeupe akalipiga pasi ya mkaa, tukamvika, akakaa kitandani siku nzima amelivaa, na kila aliyeingia alimsalimia, "Mwadila, daktari," naye anainua mabega. Mbeba marobota alikuwa bado yupo. Kila nikimuuliza swali la kijinga aliinua mabega hayo, na lile bega moja likiinuka zaidi kuliko lingine alionekana kama mtu anayejidai.

Mara ya mwisho nilipokuja, nilipita kwa Mama Zuhura. Hakuuliza, alinifungia kahawa ya kusaga kwenye karatasi, akasema mpe mgonjwa anuse, asikie sisi tupo. Nikafika Sapiwi mchana. Alikuwa amelala, macho nusu. Nikakaa upande wa kulia, nikamwambia kwa sauti ya mganga mkuu, "Mgonjwa, fumba macho." Akafumba moja, la pili nikalifunika kwa kiganja changu kwa sababu halikuwa linafunga tena. Nikafungua karatasi mbele ya pua yake. Chumba kizima kilinukia mlango wa Mama Zuhura.

"Nini hiki?"

Alivuta pumzi. Akavuta tena. Akapapasa daftari, nikamwekea kalamu mkononi. Aliandika polepole, herufi zinapanda na kushuka kama njia ya ng'ombe, nami nilisubiri. Aliandika SABUNI.

Nikamwangalia. Nusu ya uso wake iliyobaki ilikuwa imejikunja kidogo, pale shavuni, pale anapoanzia kucheka. Au ilikuwa imechoka. Mpaka leo sijui. Sijui kama alikuwa amenirudishia utani wangu, amenilipia kahawa na sabuni zote za mwezi wa pili, au kama chumba cha kwanza nacho kilikuwa kimefungwa na aliandika neno la kwanza lililomjia, kwa sababu hakusikia harufu yoyote. Ningeweza kumpima tena kwa kitu kingine. Ndivyo alivyonifundisha, pima kwa vitu viwili. Sikupima. Nilimwambia, "Sahihi," nikakunja karatasi. Alikufa siku nne baadaye, mimi nikiwa kwenye mtihani wa hesabu ninachora kobe.

Kwa hiyo Desemba hii nilikaa juu ya mfuko wa saruji, watu wananisubiri nitanie, na sikuwa na neno. Fundi akaniomba kwa adabu niondoke, zege linakauka. Shangazi akasema mwacheni. Nikashuka. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya kahawa ya Mama Zuhura, mpya, nilipita kwake asubuhi hiyo. Nikachuchumaa upande wa kichwa, pale fundi alipokuwa amemwaga zege la kwanza, bado bichi, nikaifungua nikamwaga yote, nikaikoroga kwa kidole mpaka ikapotea ndani.

"We dada!" fundi akapiga kelele. "Unaniharibia kazi! Nini hicho umeweka?"

Shangazi alikuwa amesimama karibu. Harufu ilikuwa imempata, niliona pua yake. Akaniangalia, na wote wakaniangalia, na machozi yalikuwa yananitoka, haya ya kuchelewa, ambayo yangefaa siku ya pamba.

"Sabuni," nikasema.